Kisu cha Mfukoni: Kichague kwa Kazi, Si kwa Kung'aa

(Mazungumzo kwa wakulima wa Masasi na Newala)

  

Leo sitasema habari ya mbegu wala ya mbolea. Hebu kila mmoja wenu atie mkono mfukoni, na akina mama wafungue pindo la kanga au watazame kikapuni, mtoe visu vyenu mvitazame. Kisu hicho ulikinunua kwa sababu gani? Kwa sababu kinakata vizuri, au kwa sababu kilikuwa kinang'aa mkononi mwa muuzaji?

Nauliza hivyo kwa kuwa nimeona jambo moja. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia mwezi wa kumi, fedha zikianza kuingia vijijini, wachuuzi nao hufika. Huja na redio, na tochi, na visu vya kukunja vya kila namna. Utaona kisu chenye mpini mwekundu, ndani yake mna bapa mbili, mkasi, msumeno mdogo, bisibisi, kizibuo, kijiko na uma. Mkulima hukishika, hukifungua, hukifunga, akafurahi. Hulipa. Ikifika wakati wa kupogolea mikorosho, mwezi wa kwanza au wa pili, kisu kile kimekwisha legea, ubapa unacheza kama jino bovu, na msumeno umepinda. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi nakuomba jambo moja kabla ya kununua. Usihesabu bei ya kisu kwa shilingi peke yake. Ihesabu kwa kilo za korosho. Jiulize: kisu hiki ni kilo ngapi? Kilo hizo niliziokota moja moja, nikazitenga na mabibo, nikazianika, nikazibeba mpaka ghalani. Je, kisu hiki kitanirudishia kazi hiyo? Ukijiuliza hivyo hutanunua kwa haraka.

Sasa tutazame kazi zenyewe, maana kazi ndiyo inayochagua kisu.

Kazi ya kwanza ni ya mikorosho. Korosho ikianguka na bibo lake, wengi huitenga kwa kuinyonga kwa mkono, na wengine hutumia kisu. Ikiwa unatumia kisu, ondoa nyama yote ya bibo iliyoshikamana na korosho, maana ikibaki huoza na kuitia korosho unyevu na doa. Lakini usilikate ganda. Korosho iliyochanjwa kwa kisu hupoteza ubora, na mafuta ya ganda yakikutoka mkononi huunguza ngozi. Hapo unahitaji kisu kifupi kinachotii vidole, si panga.

Kazi ya pili ni kubebesha. Ndugu wakulima, mnajua habari za korosho zetu. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamia vijiji vipya wakaacha mikorosho mbali nao, bei haikumpendeza mkulima, miti ilizeeka, na ugonjwa wa ubwiriunga uliingia ukaharibu maua. Katika kuinua zao hili tena, wataalamu wa Kituo cha Utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, walichagua mikorosho mizuri wakafundisha namna ya kuizidisha kwa kubebesha. Leo mkulima anaweza kuchukua kikonyo cha mkorosho ulio bora akakipachika kwenye mche mchanga, au kwenye machipukizi ya mkorosho wa zamani uliokatwa.

Kazi hii yote husimama juu ya makali ya kisu. Unachonga kikonyo kiwe kama kabari, unaupasua mche, unakitia kikonyo ndani, kisha unafunga kwa utepe wa nailoni. Ngozi ya ndani, ile ya kijani, ya kikonyo na ya mche hazina budi kugusana. Kisu butu hakikati. Kinaponda na kuchana. Mahali palipokatwa panakuwa na mawimbi, hewa inabaki katikati, kikonyo kinakauka. Halafu mtu husema, "Mkono wangu hauna bahati na miche." Ndugu yangu, mkono wako hauna kosa. Kosa ni la kisu.

Kazi ya tatu ni ya mihogo. Unapochagua mbegu za muhogo, usikate fimbo kabla ya kutazama mzizi. Chukua kisu, ukate muhogo wenyewe vipande. Ukiona ndani madoa makavu ya rangi ya kahawia, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaojulikana sana huku kwetu kusini na pwani. Fimbo za shina hilo usizipande wala usimpe jirani. Kisu kidogo ulichonacho mfukoni ndicho kitakachokuonyesha ugonjwa ambao majani pengine hayakuuonyesha.

Kisha zipo kazi ndogo ndogo za kila siku: kukata kamba, kufungua gunia, kumenya ming'oko, kuchonga kigingi, kukata nailoni. Ukizitazama kazi hizi zote utagundua kwamba karibu zote zinataka kitu kimoja tu: ubapa mmoja mzuri.

Sasa tuje kwenye visu vya zana nyingi. Sisemi ni vibaya. Mwaka 1891 askari wa nchi ya Uswisi walianza kupewa kisu cha kukunja chenye vitu vinne: ubapa, bisibisi, kifungua kopo na chuma cha kutobolea. Bisibisi ilikuwa ya kufungulia bunduki, na kifungua kopo kilikuwa cha chakula chao. Kila zana ilikuwa na kazi yake. Tena, kuanzia mwaka 1983, Mmarekani mmoja jina lake Tim Leatherman aliuza koleo inayokunjwa, ambayo ndani ya mikono yake mna ubapa, bisibisi na tupa. Alikuwa amesafiri kwa gari bovu, akaona kwamba kisu cha mfukoni hakina koleo. Naye alianzia kwenye kazi.

Basi na wewe fanya hivyo hivyo. Ikiwa wewe ndiye unayeendesha mashine ya kupulizia dawa ya ubwiriunga, utahitaji kufungua plagi, kukaza waya na kubana mpira. Au kama unatengeneza baiskeli, au una pikipiki, koleo ya kukunjwa yenye chuma kizuri itakufaa. Lakini ikague koleo yenyewe kwanza: meno yake yakutane sawasawa, na ikibana msumari isipinde. Kama huna kazi ya namna hiyo, zana kumi ni uzito wa bure mfukoni. Kila zana iliyoongezwa ndani ya mpini mwembamba imezipunguzia nyingine nafasi na nguvu.

Katika Afrika kuna kisu kimoja kinachoitwa Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, na tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Kina ubapa mmoja, mpini wa mti, na pete mgongoni ya kufungulia springi. Basi. Kimedumu zaidi ya miaka mia moja kwa sababu ni rahisi na kinanoleka. Sikutajii jina hilo ili ukanunue hicho tu. Vipo vingi vya namna hiyo, na vya kuiga pia vipo. Nakitaja ili uone kwamba kisu cha mtu wa kazi hakihitaji makubwa.

Haya, umefika dukani au mnadani. Utakikaguaje?

Kwanza, kishike. Vidole vyote vinne vienee kwenye mpini, kisiteleze. Ubapa uwe na urefu wa kama upana wa vidole vyako vinne, yaani sentimita 7 au 8. Huo unatosha kazi za mfukoni. Kwa kazi kubwa unalo panga.

Pili, kifungue, ushike mpini kwa mkono mmoja na ubapa kwa mwingine, kwa upande wa mgongo. Utikise kushoto na kulia. Ukicheza leo kikiwa kipya, baada ya msimu mmoja utakuwaje?

Tatu, kagua kifungio, yaani kile kinachouzuia ubapa usijikunje wenyewe. Kigonge mgongo wa ubapa polepole juu ya meza au gogo, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja, kirudishe kwa mwenyewe. Hapa nasema kwa ushahidi. Mimi mwenyewe nina kovu kwenye kidole cha shahada. Nilikuwa natoboa mkanda kwa ncha ya kisu kisichokuwa na kifungio, kikajikunja juu ya kidole. Nilikaa wiki tatu siwezi kushika jembe, na ilikuwa wakati wa palizi. Kisu kile nilikinunua kwa bei rahisi sana, lakini shamba lililokwenda na majani ndilo lililokuwa bei yake ya kweli.

Nne, kifunge, ukitazame kwa juu kwenye mwanga. Ubapa ulale katikati ya mpini, usiguse upande mmoja. Pini zilizoshika mpini zisijitokeze wala zisiwe zimelegea.

Tano, chuma. Watu wengine hutia sumaku, wakisema kisu kizuri hushika sumaku. Sumaku haikuambii neno: chuma kizuri hushika, na kibaya pia hushika. Afadhali uombe ruhusa ya mwenye duka, upitishe tupa ndogo mara moja tu karibu na mpini, mahali pasipokata. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikila kama inakula bati, chuma ni laini, makali yake hayatakaa hata siku moja.

Watu huuliza: chuma kisichoshika kutu au chuma cha kawaida, kipi bora? Kila kimoja kina lake. Kisichoshika kutu kinafaa sana kwa kazi ya mabibo, maana maji ya bibo ni makali, huligeuza chuma la kawaida kuwa jeusi na kulianzishia kutu. Lakini vile vya bei rahisi mara nyingi ni laini, na vilivyo vigumu huchukua muda mrefu kunoleka kwa jiwe. Chuma cha kawaida hunoleka upesi kwa kinoo chochote, na hupata makali ya wembe, ila kinataka kutunzwa. Ikiwa wewe ni mtu wa kufuta kisu chako kila ukimaliza kazi, chukua cha kawaida. Ikiwa unajijua wewe ni msahaulifu, chukua kisichoshika kutu. Weusi peke yake usikutishe; kutu nyekundu ndiyo adui.

Wala usiwasahau wahunzi wetu. Mhunzi mzuri hukufulia ubapa kutoka kipande cha springi ya gari kuukuu, na chuma cha springi ni chuma kizuri kwa kisu. Huenda hakitakunjwa, lakini ukikitengenezea ala ya ngozi utakivaa kiunoni. Mwambie akifue chembamba. Wahunzi wengi wamezoea mapanga, hufua mgongo mnene mno. Na mpini, kipande kikavu cha mti mgumu kinatosha.

Ushauri wangu ni huu: mkulima anayebebesha miche awe na visu viwili. Kimoja cha kazi zote. Cha pili ni cha kubebeshea tu, kilichonolewa upande mmoja, upande wa pili umelala bapa, ili kikate mstari ulionyoka. Hicho usimenyee muhogo, usikatie kamba, wala usimwazime mtu. Kisu cha kubebeshea kikiazimwa hurudi na pengo.

Tuje kwenye kunoa. Kinoo chako kilowe maji kidogo. Najua kule uwandani maji ni ya taabu, lakini kijiko kimoja kinatosha. Pembe ya kunolea utaipata hivi: simamisha kisu wima juu ya jiwe, kisha kilaze nusu, kisha kilaze nusu tena. Hapo ndipo. Sukuma kama unayetaka kukata kipande chembamba cha jiwe, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, bila kubadili pembe. Mwisho kipitishe kwenye mkanda wa ngozi, kwa kurudi nyuma, makali yakifuata. Kijaribu kwa kukata karatasi. Kikikata bila kuchana, kimeiva. Wazee walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi naongeza: ndiye pia anayejikata mara chache, kwa sababu kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ndiyo inayokifanya kiteleze.

Ukimaliza kazi, osha kisu, kikaushe, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Ukiyakosa, mafuta ya nazi au ya ufuta yatafaa, lakini kidogo sana, maana yakizidi hugeuka gundi. Na tafadhali, usitie kisu motoni ili kukisafisha au kukilainisha. Ubapa ukigeuka bluu au mwekundu, ugumu wake umekwisha toka, na kunoa hakutaurudisha. Ukitoka kwenye mche au muhogo unaoushuku kuwa na ugonjwa, osha kisu kwa sabuni na maji kabla ya kwenda kwenye mwingine, maana yapo magonjwa yanayosafiri juu ya ubapa.

Sasa neno zito, ndugu zangu, nami naomba mnisikilize vizuri. Kisu cha shamba kibaki shambani. Kisitumike kukata kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Kisitumike jandoni. Udongo na samadi hubeba vijidudu vya pepopunda, na havionekani kwa macho hata kisu kikiwa kinang'aa. Pepopunda ya mtoto mchanga huua. Na damu ya mtu mmoja ikibaki kwenye ubapa, humpelekea mwingine maradhi. Mama mjamzito apelekwe zahanati, na vijana wapelekwe kwa mganga wa zahanati au hospitali mwenye vifaa safi. Mila zetu hazipungui kitu kwa kutumia kisu safi.

Na wewe mwenyewe ukijikata shambani, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Damu ikikatika, osha kwa maji safi na sabuni. Usitie udongo, wala majivu, wala salfa. Kisha nenda zahanati ukaulize habari za sindano ya pepopunda.

La mwisho: kisu ukikibeba kiwe kimekunjwa, au kiwe ndani ya ala. Ukimpa mwenzako, mpe kikiwa kimefungwa. Kiweke mbali na watoto. Na jioni ukienda kwenye uraka, kiache nyumbani. Kisu ni mwenzi mwema wa kazi, lakini hakijui kunyamaza watu wanapogombana.

Basi turudie kwa kifupi. Anza na kazi yako, ndipo utafute kisu. Ubapa mmoja imara hushinda zana kumi dhaifu. Kagua mpini, pini, kifungio na chuma kabla hujalipa. Noa kabla hakijawa butu. Kisu cha kubebeshea kiwe cha kubebeshea tu. Na kisu cha shamba kisiguse kitovu cha mtoto wala jando.

Ndugu wakulima, mikorosho tuliyonayo leo ni ya kufufuliwa kwa mikono yenu, na mikono hiyo hatutaki ipotee hata kidole. Tazameni visu vyenu jioni ya leo. Kwaherini, tukutane tena wakati kama huu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kila mwanakikundi aonyeshe kisu chake. Kipi kinacheza kwenye pini? Kipi kinajikunja kikigongwa mgongoni?

2. Nani kijijini kwetu anajua kunoa kisu cha kubebeshea vizuri, na lini atatufundisha?

3. Kisu ulichonunua mwisho kilikuwa sawa na kilo ngapi za korosho? Kilidumu misimu mingapi?

4. Tufanye nini kijijini ili visu vya shamba visitumike tena kukatia kitovu wala jandoni?